Giza Lina Ngazi Ngapi

Mvua ya Wolverhampton haina haraka,
inanyesha kama kibarua anayelipwa kwa saa.
Nimeingia dukani kwa Harkirat na kikaratasi,
namba nimezinakili usiku kama dozi za dawa:
inchi ishirini na saba,
hezi sitini, au mia na arobaini na nne,
niti, pikseli, milisekunde,
na chini kabisa, kwa mwandiko wa binti yangu:
Baba, usinunue kwa sababu ni kubwa.

Basi nauliza. Kuuliza si ujinga,
ujinga ni kulipa kwanza.

Inchi, anasema, hupimwa mshazari,
kutoka pembe ya chini hadi ya juu upande wa pili,
kama mtu anayekata uwanja kufupisha njia.
Lakini ukubwa bila pikseli ni uji uliozidi maji:
sufuria imejaa, shibe hakuna.
Nasogeza pua. Kwenye skrini pana ya bei rahisi
herufi zina meno kama msumeno.
Mimi hufasiri vijikaratasi vya zahanati
usiku, baada ya zamu ya ghalani;
herufi kwangu ni mchele, nazichambua moja moja.
Hii nimeiacha.

Hezi: mara ngapi kwa sekunde picha huchorwa upya.
Mia na arobaini na nne ni za wachezaji wa gemu,
anasema, akizitazama mvi zangu kwa adabu.
Muda wa mwitikio: milisekunde moja.
Nimecheka peke yangu.
Ofisi ya viza ilinijibu baada ya miezi kumi na mmoja.

Niti mia tatu na hamsini, ndio mwangaza.
Jua la Disemba la hapa, sijui kama linazifikisha.

Pembe ya kutazama, digrii mia moja sabini na nane.
Nani atakaa huko, amebanwa na ukuta?
"Mtu akichungulia kwa ubavuni," anasema, "rangi hazigeuki."
Kumbe hata jicho la pembe
lina kipimo chake.

Rangi bilioni moja na ushei.
Hapo nimenyamaza.
Sisi rangi tuliziazima jikoni na shambani:
majivu yakatupa kijivu, kahawa kahawia,
majani kijani, na zambarau ikakubali
tunda na rangi vishike jina moja.
Bilioni! Tukakope wapi?

Limebaki neno moja, nililolinakili bila kulielewa:
uwiano. Elfu moja kwa moja. Elfu tatu kwa moja.
Harkirat amekuna ndevu, hakueleza.
"Una picha yoyote ya usiku?"

Ninayo, kwenye flashi. Korogwe,
mwaka ule umeme ulipokatika siku tisa.
Niliipiga mwenyewe kwa kamera ya kuazima:
mama, kibatari, sinia la maharage,
na nyuma yao weusi mtupu.
Ndivyo kompyuta yangu kuukuu
ilivyonionyesha miaka kumi na sita.

Kwenye skrini ya kwanza weusi umekuwa kijivu,
kama suruali ya mtumba iliyofuliwa mno.
Akachomeka ya pili, ile ya elfu tatu.
Mama. Kibatari. Maharage.
Na mlangoni, bega.
Kisha shati. Kisha Shomvi, mdogo wangu,
ameshika ndoo, anacheka jambo fulani.
Siku zote nimebisha kwamba usiku ule hakuwepo.
Alibisha naye, mpaka mwisho wake.

"Ina mkwaruzo hapa pembeni," Harkirat anasema,
"nitakupunguzia pauni kumi."
Ameudhani ukimya wangu ni wa bei.

Ndani ya basi boksi limekaa kiti cha dirishani
kama abiria aliyelipa nauli.
Simu inatetemeka. Binti:
umenunua kubwa?
Vidole vimelowa, naandika polepole:
hapana. Nimenunua
yenye giza.